Ziwa Chini ya Nyasi za Katavi

Ramani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi ina maziwa mawili, Katavi na Chada. Mgeni akifika mwezi wa Tisa na ramani hiyo mkononi, atasimama ukingoni mwa Chada alitafute ziwa asilione. Mbele yake kuna nyasi za rangi ya simba hadi upeo wa macho, pundamilia wanaopita mmoja nyuma ya mwingine, na nyati kwa mamia wanaotimua vumbi. Chini ya miguu yake ni udongo mweusi uliokauka ukapasuka, nyufa zake zikiwa pana kiasi cha kupitisha mkono hadi kwenye kiwiko. Akirudi mwezi wa Tatu, mahali palepale patakuwa na maji, na nyufa zile hazitaonekana tena.

Jina la hifadhi limetokana na Katabi, mzimu ambao wenyeji husimulia kwamba makao yake ni mkwaju mmoja karibu na Ziwa Katavi. Watu wamekuwa wakiacha sadaka chini ya mti huo kwa vizazi. Mimi naona kuna busara katika kumweka mwenye nchi juu ya mti, pembeni mwa maji, badala ya kumweka ndani ya maji. Mti hubaki. Maji ya nchi hii yana safari zake.

Safari hizo ndizo historia ninayotaka kuisimulia. Sehemu yake kubwa ilitokea kabla ya maandishi, na nyaraka zake ni tope, mchanga na mwinuko wa ardhi. Nyaraka hizo zilikuwa wazi siku zote, ila herufi zake ni kubwa mno kwa mtu anayetembea kwa miguu. Ilibidi binadamu apande juu ndipo azisome, na somo la kwanza halikutoka Katavi. Lilitoka kwenye mchanga.

Mwaka 1958 mwanajiografia wa Uingereza, A. T. Grove, alichapisha makala kuhusu jangwa la kale katika nchi ya Wahausa, kaskazini mwa Nigeria. Huko wakulima walikuwa wanalima uwele na karanga kama walivyolima babu zao, wakijua vizuri kwamba mashamba yao ni ya kichanga na yanainuka na kushuka kidogo kidogo. Picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege zilionyesha mpangilio wa miinuko hiyo. Ilikuwa imejipanga sambamba, kwa mfano wa mawimbi, namna ambayo upepo peke yake ndio hupanga mchanga. Vijiji, visima na mashamba vilikuwa vimekaa juu ya matuta ya jangwa lililokwisha kufa. Mvua ilikuwa imerudi, majani yakaota, mizizi ikaushika mchanga, na matuta yakatulia.

Miaka kumi baadaye jambo hilohilo lilielezwa kusini mwa bara. Mwaka 1968 R. F. Flint na Geoffrey Bond waliandika kuhusu matuta ya mchanga ya magharibi mwa nchi ambayo leo ni Zimbabwe, upande wa Hwange, na mwaka uliofuata Grove mwenyewe akaandika kuhusu Kalahari. Mchanga wa Kalahari hauishii Botswana kama wengi tulivyofundishwa shuleni. Unaanzia kando ya Mto Orange nchini Afrika Kusini, unapita Namibia, Botswana na Angola, unaingia magharibi mwa Zambia na kuendelea hadi Kongo, karibu na Ikweta. Sehemu kubwa ya mchanga huo leo imefunikwa na misitu na mbuga zinazopata mvua kila mwaka.

Hapo ndipo jicho la angani linapohitajika kweli. Tuta la kale la namna hiyo linaweza kuwa refu kwa makumi ya kilomita, huku urefu wake wa kwenda juu ukiwa mita chache tu, kwa sababu mvua za maelfu ya miaka zimeliosha na mchwa wamelifukua na kulijengea vichuguu. Kutoka tuta moja hadi jingine kunaweza kuwa na kilomita moja au mbili. Mpita njia hupanda bila kujua kwamba anapanda na kushuka bila kujua kwamba anashuka. Akitazama sana, ataona miti imebadilika. Kwenye mgongo wa tuta, ambako maji hupotelea chini haraka, huota miti mirefu inayopenda mchanga, na kwenye bonde kati ya matuta, ambako maji hutuama, hukaa nyasi. Akitembea kutwa atavuka msitu, nyasi, msitu, nyasi, na jioni atasema tu kwamba nchi hii imechanganyika. Aliye juu huona mistari.

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setelaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1. Ilizunguka dunia kwa umbali wa kilomita zipatazo 900 kutoka ardhini, na kila picha yake ilifunika eneo la kilomita 185 kwa 185. Picha moja ya ukubwa huo inatosha kumeza Karema iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, mji wa Mpanda na nyanda zote za Katavi pamoja. Ilikuwa na macho yanayotambua mwanga ambao macho yetu hayauoni, ule ambao majani mabichi huurudisha kwa wingi, kwa hiyo tofauti kati ya mti na nyasi, ambayo ardhini ni jambo la kawaida, kwenye picha ilijitokeza kama wino kwenye karatasi. Mistari ya Kalahari ikaonekana ikipita chini ya misitu na kuvuka mipaka ya nchi.

Kujua kwamba kulikuwa na jangwa ni jambo moja, na kujua ni lini ni jambo jingine. Mchanga hauna mfupa wala mkaa wa kupimwa. Jawabu lilipatikana ndani ya punje yenyewe, na njia yake ni nzuri kiasi kwamba inastahili kuelezwa polepole. Punje ya kwatsi, ile inayong'aa kama kioo kwenye kiganja, ina hitilafu ndogondogo katika umbile lake. Ikifukiwa, hupokea mionzi dhaifu inayotoka kwenye udongo unaoizunguka, na sehemu ya nguvu ya mionzi hiyo hunaswa kwenye hitilafu hizo, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, kama maji yanayodondoka kwenye mtungi. Punje ikipigwa na jua, mtungi humwagika wote. Upepo unapojenga tuta, kila punje huruka juani na kuwa tupu. Ikifunikwa na wenzake, huanza kujaa upya. Kwa hiyo mtafiti huchimba ukuta kwenye tuta, hugongomelea bomba la chuma ndani ya mchanga, hulichomoa na kuziba ncha zake lisiingie hata mwanga wa tochi, kisha hulifungua maabara kwenye chumba cha taa nyekundu hafifu. Huko punje huchokozwa kwa joto au mwanga, nayo hutoa mng'ao mdogo. Wingi wa mng'ao huo, ukipimwa pamoja na nguvu ya mionzi ya mahali ilipolala, hueleza ni muda gani umepita tangu punje hiyo ilipoliona jua mara ya mwisho.

Vipimo hivyo vilionyesha kwamba ukame wa Kalahari ulikuja zaidi ya mara moja, na moja ya nyakati zake ni ile ya kilele cha enzi ya barafu, zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Barafu ilikuwa imefunika kaskazini mwa Ulaya na Amerika, bahari zilikuwa za baridi zaidi, na mvuke wa kuleta mvua Afrika ulikuwa haba. Afrika Mashariki nayo haikunusurika. Ziwa Viktoria, hili tunaloliona kama bahari, lilikauka kabisa. Tope lililochimbuliwa kutoka sakafu yake lina tabaka la udongo uliokuwa nchi kavu, na baada ya hapo maji yalirudi kulijaza upya, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachokaribia mita 1,500, lilishuka lakini likabaki ziwa.

Rukwa ni ziwa la namna nyingine kabisa, na hapa tunarudi nyumbani.

Bonde la Rukwa ni mkono wa Bonde la Ufa, mtaro uliozama kati ya kuta mbili. Upande wa kusini magharibi kuna uwanda wa juu wa Ufipa, na ukuta wake mkali, Lyamba lya Mfipa, unaonekana kutoka mbali kama boma. Ziwa lenyewe limelala kwenye mwinuko wa mita 800 hivi, halina mto unaotoka, na maji yake ni ya magadi. Kina chake ni kidogo kuliko cha maziwa mengine makubwa ya nchi hii. Ziwa la namna hiyo ni kama sinia: ukiongeza maji kidogo hutanda mbali sana, ukipunguza kidogo huacha tambarare kubwa wazi. Mito ya Katavi, yaani Katuma na wenzake, hutanda kwanza kwenye nyanda za Katavi na Chada, kisha hutoka kwa jina la Kavuu na kwenda kumwaga Rukwa. Hivyo nyanda za hifadhi na ziwa la kule chini ni mwili mmoja.

Mwezi wa Februari 2000, chombo cha anga cha Endeavour kilikaa angani siku 11 kikiipima dunia kwa rada. Kilikuwa na mlingoti wa mita 60 uliochomoza ubavuni, na antena mbili za rada, moja ndani ya chombo na nyingine kwenye ncha ya mlingoti, zikaitazama ardhi kwa pamoja kama macho mawili yanavyopima umbali. Rada hupenya mawingu. Kilichopatikana ni ramani ya mwinuko wa karibu nchi kavu yote ya dunia kati ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini, na kwa ramani ya namna hiyo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kumwaga maji ya kufikirika kwenye bonde la Rukwa na kutazama yanaishia wapi.

Yanapanda mita 180 hivi juu ya ziwa la leo. Kwenye mwinuko wa takriban mita 980 yanapata mlango. Mlango huo uko kaskazini magharibi, kwenye mwanya wa ardhi kati ya vilima vinavyoelekea Karema, na kupitia hapo Rukwa humiminikia Tanganyika. Wanajiolojia walikuwa wamekwisha kuujua kwa kutembea, kwa sababu kwenye kingo za bonde kuna matabaka ya tope la ziwa na fukwe za kale zilizobaki juu mlimani, mbali na maji yoyote. Tope lililochimbuliwa chini ya ziwa liliongeza ushahidi wake. Ndani yake kuna magamba ya diatomu, viumbe vya majini visivyoonekana kwa macho, vyenye nyumba za kioo. Kuna aina zinazopenda maji matamu yenye kina na kuna zinazovumilia magadi, na zikifa huzama na kulala kwa mpangilio wa nyakati zao. Kwa kuzihesabu tabaka kwa tabaka, wataalamu waliona Rukwa kubwa, yenye kina na maji matamu, baada ya ukame wa enzi ya barafu kuisha.

Huo ulikuwa msimu mrefu wa mvua Afrika. Sahara ilikuwa na nyasi na viboko. Kaskazini mwa Kenya, Ziwa Turkana lilipanda hadi likapata njia ya kumwagikia bonde la Nile. Rukwa ilijaa hadi kwenye mlango wa Karema, na nyanda zinazobeba leo nyati na simba wa Katavi zilikuwa sakafu ya ziwa. Pale Chada panapopasuka nyufa mwezi wa Tisa, samaki walikuwa wakipita juu kuliko mnazi mrefu. Mahali palipo mji wa Mpanda palibaki pakavu, kwa sababu Mpanda iko juu ya kiwango hicho. Lakini kama angekuwapo mtu wa kukaa kwenye vilima vyake miaka 10,000 iliyopita, mwendo wa siku moja au mbili kusini ungemfikisha ufukweni.

Kisha mvua zikapungua, takriban miaka 5,000 iliyopita. Maji yakashuka chini ya kizingiti, mto wa Karema ukakatika, na Rukwa ikafungiwa ndani ya bonde lake pamoja na chumvi yake.

Karema ikaja kushuhudia mambo ya maji kwa mara nyingine, safari hii mbele ya watu walioandika. Mwaka 1879 Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili, alianzisha kituo hapo kando ya Tanganyika. Ziwa wakati huo lilikuwa limejaa kupita kawaida. Mlango wake wa kutokea, Mto Lukuga ulio ng'ambo upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na tope na mafunjo. Mpelelezi Stanley aliukuta umeziba mwaka 1876. Karibu mwaka 1878 kizuizi kilivunjika, na mpelelezi mwingine, Joseph Thomson, alipofika huko miaka miwili hivi baadaye aliukuta Lukuga unakwenda kwa nguvu. Tanganyika ikaanza kushuka. Ndani ya miaka isiyozidi 20 ilikuwa imeteremka kiasi cha mita 10. Ngome ya Karema, iliyokuwa karibu na maji ilipojengwa, ikabaki kwenye nchi kavu, na Wamisionari wa Afrika walioipokea mwaka 1885 walikuwa wanautazama ufuko ukiwakimbia. Thomson huyo aliliona pia Rukwa, mwaka 1880, akalipa jina la Leopold. Jina hilo halikushika, na nafurahi kwamba halikushika.

Rukwa iliendelea na tabia yake. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa umebaki kilomita 50 hivi. Miaka kumi tu baadaye ulikuwa kilomita 128. Kati ya miaka hiyo miwili ardhi kubwa ilikuwa ikiachwa na kurudiwa, na kwenye ardhi hiyo iliyoachwa, yenye nyasi ndefu na viraka vitupu vya udongo wenye unyevu, palikuwa na kiumbe aliyeipenda kuliko wote.

Nzige wekundu hawana haja ya jangwa. Wanataka mbuga ya nyasi inayofurika na kukauka. Jike hutaga mvua za kwanza zinapolainisha udongo, akizamisha mkia wake kwenye kiraka kisicho na majani kati ya mashina ya nyasi. Mayai huanguliwa ndani ya mwezi mmoja hivi, watoto wasio na mabawa hukua wakitafuna mbuga, na kufikia mwezi wa Tatu au wa Nne wana mabawa. Kiangazi chote hukaa wakisubiri. Mwaka ambao maji yamerudi nyuma vizuri na nyasi zimekuwa nyingi, wanaosubiri huwa wengi kupita kiasi, husongamana, hubadilika tabia, na huondoka kwa pamoja. Kuanzia mwaka 1930 hadi 1944 makundi yao yalitanda karibu Afrika yote iliyo kusini mwa Ikweta. Mtama, mahindi na uwele viliisha mashambani, mwaka baada ya mwaka. Uchunguzi ulipofuata nyayo zao kurudi nyuma, ulifika kwenye sehemu mbili: Mweru wa Ntipa, upande wa Zambia ya leo, na bonde la Rukwa.

Katika historia ya mazingira ya bara letu sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa ziwa dogo kugusa sahani ya mtu aliye mbali. Mama wa Natal, Afrika Kusini, aliyepoteza shamba lake hakuwa amewahi kusikia jina la Rukwa. Lakini njaa yake huenda ilianzia hapo, kwenye sinia lililopungukiwa maji.

Mwaka 1949 nchi zilizotawala eneo hili ziliunda idara ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala. Kazi yake ilikuwa kuwawahi nzige wakiwa bado nyumbani kwao. Nyanda za Ikuu na Katavi zimo hadi leo kwenye orodha ya mazalio yanayochunguzwa, pamoja na Rukwa, Malagarasi na Wembere. Mwaka 2009 walizidi tena. Safari hiyo helikopta zilinyunyiza kuvu, vimelea hai vinavyoota ndani ya mwili wa nzige na kumuua bila kuwadhuru ndege wala samaki, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa njia hiyo kutumika kwa kiwango kikubwa barani dhidi ya nzige hao. Nyanda za hifadhi ya Katavi zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizonyunyizwa.

Katika miaka ya karibuni maji ya Katavi yanapungukiwa kwa sababu nyingine. Katuma inateremka kutoka kwenye vilima vya Mpanda, na kabla ya kufika hifadhini inapita kwenye mashamba ya mpunga. Wakulima wameongezeka, mabanio yamejengwa, na kiangazi kikikolea mto ulio chini hubaki madimbwi. Wakulima hao wanalisha watoto na siwezi kuwalaumu kwa kulima. Lakini mto ni mmoja. Sitalike, kijiji kilicho langoni mwa hifadhi, mtu anaweza kusimama karibu na daraja mwezi wa Kumi na kuona viboko wamebanana kwenye tope, mgongo juu ya mgongo, ngozi zao zimekauka na kupata nyufa kama udongo wenyewe. Jioni huinuka mmoja mmoja na kutembea mbali kutafuta majani. Mamba wana dawa yao: huchimba mapango kwenye kingo za mto na kulala humo wakipandana, bila kula, wakisubiri mvua za mwezi wa Kumi na Moja.

Tembo hawasubiri. Kwenye mchanga mkavu wa mto, tembo jike husimama, hunusa, kisha huanza kupiga teke kwa mguu wa mbele, polepole, akitupa mchanga pembeni kwa mkonga. Juu kuna vumbi jepesi. Chini yake kuna mchanga mwekundu wa mafuriko ya mwaka jana, kisha ukanda mwembamba wa tope jeusi, kisha mchanga tena, mweupe na wenye punje kubwa zaidi. Shimo likifika urefu wa mkonga, ukuta wake huanza kulowa. Tembo hutulia, huacha maji yajikusanye, huyatema ya kwanza yenye tope, halafu hunywa. Ndama wake hupiga magoti kando ya shimo, na nyuma yao nyani wamekaa kwenye ukingo wakingoja zamu.